Ufundi wa Kuiweka Randa Chini

Seremala anayeujua mninga hana haraka na mbao mbichi. Huzipanga kivulini, akatia vijiti kati ya ubao na ubao ili hewa ipite, kisha akaziacha miezi. Ubao ulioharakishwa hupinda mlango ukishafungwa, na hapo hata randa haisaidii. Useremala una mizizi mirefu Peramiho, kilomita zipatazo 25 kutoka Songea mjini, ambako wamonaki Wabenediktini kutoka Ujerumani walifika mwaka 1898. Misheni yao ilichomwa moto katika Vita vya Maji Maji mwaka 1905, wakaijenga upya.

Ninaousifu leo, hata hivyo, ni ufundi mwingine wa wamonaki hao: ufundi wa kuiacha kazi. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa Italia katika karne ya 6, inaagiza kwamba ishara ya sala ikisikika, mmonaki aache mara moja kilichomo mkononi, hata kama hakijaisha. Hapewi ruhusa ya kumalizia kwanza. Fikiria mtu mwenye patasi, tundu amelifikisha nusu, mkono umeshashika mwendo, maranda yamemjaa miguuni. Kuilaza patasi dakika hiyo ni kugumu kuliko kuchonga kwenyewe. Mkono hufundishwa hilo kila siku, mwaka hadi mwaka. Na kuacha huko si kutupa ovyo, kwa kuwa Kanuni hiyohiyo inataka vyombo vya kazi vitunzwe kama vyombo vitakatifu vya altare.

Sisi wa mjini tunangoja tumalize ndipo tupumzike, na siku hizi hakuna kumaliza. Msimu wa mahindi ukianza, malori yanapakia mpaka usiku, bodaboda zinapishana Mfaranyaki hapa Songea, simu ya pili inaita ungali unaongea na ya kwanza. Mtu anafika kitandani hajajisikiliza tangu alfajiri: alikuwa na njaa, au hasira, au huzuni tu? Hajui. Hilo linaniuma kuliko uchovu wenyewe, maana uchovu hutibiwa na usingizi.

Wala hili si la wamonaki peke yao. Adhana ya adhuhuri ikisikika, fundi cherehani Mwislamu huondoa mguu kwenye pedali, shati likiwa na mkono mmoja, akaenda kutawadha. Akirudi, shati lipo, na mteja yupo.

Asiye na kengele wala adhana ajichagulie wakati wake, na ukifika aache, hasa pale kazi inapokuwa imemkolea. Nawe ukipata nafasi, panda gari la Peramiho mchana, uingie kanisani kabla ya masifu ya jioni, uzime simu, ukae viti vya nyuma. Usijali kama wewe ni wa dini nyingine: Kanuni inaamuru kila mgeni apokelewe kama Kristo mwenyewe.