Kucha na Makucha

Hapa Kambove hakuna mama mfuga kuku asiyemjua mwewe. Hushuka ghafula, na mara kifaranga kimo katika makucha yake. Basi si ajabu kwamba watu, wakisema juu ya mkatili, husema: “Ameonyesha makucha yake.” Vijana hutuletea hadithi zao tuzisome, na maneno hayo twayakuta karibu katika kila hadithi.

Tuyapime. Paka na simba huyaingiza makucha ndani na kuyatoa. Mwewe na tai hawana pa kuyaficha. Basi aandikaye kwamba tai “alificha makucha” hakumtazama ndege. Ameandika kwa mazoea tu. Angemtazama, angeuliza pia: yameshika nini? Nembo ya Rodesia ya Kaskazini, ya mwaka 1939, ilikuwa na tai aliyekamata samaki. Jirani zetu wa Zambia walipojitawala mwaka 1964, walimweka tai katika bendera yao, lakini bila samaki. Ndege ni yule yule, ila makucha matupu yasema habari nyingine.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Katika hadithi hizo makucha ni ya adui sikuzote; msimulizi hana hata ukucha. Lakini lugha yenyewe yatuonya. Ukucha mmoja, kucha nyingi: hizo ni za vidole vyetu. Tukitia silabi moja mbele, twapata makucha, ya tai na ya chui. Njia ni fupi.

Mwandishi wa Kitabu cha Danieli aliiona njia hiyo. Katika sura ya 4, mfalme Nebukadneza ajisifu kwa ajili ya Babeli. Mara afukuzwa kati ya watu, ala majani kama ng’ombe, na kucha zake zawa kama za ndege. Na habari hiyo yaanza na kuisha kwa maneno ya mfalme mwenyewe: mwenye makucha ndiye msimulizi. Kwa hiyo yatutisha, tena yatufariji, maana alipoinua macho mbinguni akili zake zilimrudia.

Basi, ninyi mnaoandika, msiyaache makucha. Ila kabla ya kumpa adui, tazameni kwanza vidole vilivyoshika kalamu.