Mwanamke, Mzimu na Sauti: Kukisoma Upya Kisasili cha Ryangombe

Swali la "nafasi ya mwanamke" ni miongoni mwa maswali yanayojirudia sana katika mitihani ya fasihi simulizi. Majibu nayo yanajirudia. Mwanafunzi huorodhesha: mama mlezi, mke mtiifu, mchawi, mshawishi wa wanaume, hutoa mfano mmoja kwa kila nafasi, kisha hufunga jibu. Katika makala haya tunadai kuwa orodha ya namna hiyo haitoshi, kwani inahesabu wanawake bila kuwasikiliza. Tunapendekeza swali jingine litangulie: je, katika masimulizi haya mwanamke anasikilizwa lini?

Sisi tulioko Rubavu tuna mfano mlangoni petu. Katika imani za jadi za Wanyarwanda, roho za walioingizwa katika kubandwa huenda kukaa na Ryangombe mlimani Karisimbi, na za wasioingizwa hutupwa katika moto wa Nyiragongo, mlima uleule uliolipuka mwaka 1977, 2002 na 2021. Wanafunzi wetu wengi humjua Ryangombe kama mwindaji shujaa. Ni wachache wanaokumbuka kuwa kifo chake kimezungukwa na wanawake wawili.

Wa kwanza ni mama yake. Anaona dalili mbaya na kumkataza mwanawe asiende kuwinda. Maneno yasiposaidia, anautandaza mshipi wake mlangoni ili kumzuia. Ryangombe anauruka mshipi na kwenda zake. Wa pili anamkuta porini. Ni msichana asiye na matiti, ambaye Wanyarwanda humwita impenebere na ambaye jamii ya zamani ilimhesabu kuwa mkosi. Katika masimulizi yanayojulikana zaidi, msichana huyo anageuka nyati na kumpiga pembe Ryangombe, naye anafia kwenye mti wa umuko. Maua mekundu ya mti huo yanahusishwa naye hadi leo.

Mwalimu akiulizwa funzo la kisasili hiki, huwa na methali tayari: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hatuna ugomvi na methali hiyo. Tunachouliza ni kwa nini darasani tunasahau kuwa mkuu huyo ni mwanamke. Yeye aliye hai, anayesema kweli kwa kinywa chake mwenyewe, anarukwa kama kizingiti. Yule anayegeuka mnyama ndiye anayemsimamisha shujaa. Kisasili kimewaweka pamoja mwanamke anayesema na mwanamke anayeogopwa, kikampa nguvu wa pili peke yake.

Hata jina la mama linastahili kutazamwa na wanaisimu. Nyiraryangombe maana yake ni mama wa Ryangombe. Kiambishi Nyira- tunakikuta pia katika majina ya kitawala ya mama wa mfalme: Kanjogera, mama wa Yuhi Musinga, aliitwa Nyirayuhi. Waswahili nao husema Mama Fulani. Jina la aina hii ni heshima, lakini papo hapo linamtambulisha mwanamke kwa mwanawe, na katika kisasili chetu mwana ndiye asiyemsikia.

Ili tuone kama jambo hili ni letu peke yetu, tuangalie mbali kidogo. Fasihi ya Japani ina mizimu mingi ya kike, na maarufu kuliko yote pengine ni Oiwa, katika tamthilia ya Tsuruya Nanboku IV iliyoigizwa kwanza mjini Edo mwaka 1825. Oiwa ni mke mvumilivu. Mumewe, Iemon, anataka kuoa kwenye nyumba yenye mali, na watu wa nyumba hiyo wanamletea Oiwa sumu wakidai ni dawa. Uso wake unaharibika, anakufa, kisha anarudi kumwandama mumewe mpaka anamwangamiza. Alipokuwa hai hakuwa na wa kumlalamikia. Alipokuwa mzimu, hakuna aliyeweza kumnyamazisha. Kufikia hapo Oiwa na msichana-nyati wanafanana sana: haki yao inapatikana baada ya kuacha kuwa wanadamu.

Hata hivyo, ukanda wetu una jambo ambalo hatulioni katika hadithi ya Oiwa. Mzimu wetu hauishii kulipa kisasi. Huazima kinywa cha mtu aliye hai. Mfano mkubwa ni Nyabingi, aliyeheshimiwa kaskazini mwa Rwanda na Kigezi, nchini Uganda. Masimulizi juu ya asili yake yanatofautiana: mengine yanamwita malkia aliyeuawa, mengine mtumishi wa nyumba ya kifalme huko Ndorwa. Waliosema kwa niaba yake, wanaume na wanawake, waliogopwa na watawala. Muhumusa, aliyejitambulisha kuwa mjane wa Mwami Rwabugiri, aliongoza watu kwa jina la Nyabingi. Wajerumani walimkamata mwaka 1908. Alipoachiwa aliendelea, na mwaka 1911 Waingereza walimkamata na kumpeleka Kampala, alikozuiliwa hadi alipofariki mwaka 1945. Dola mbili za Ulaya hazikumwona kuwa kichekesho cha ngano.

Pwani nako, mtu aliyepandwa na pepo huitwa kiti. Pepo akipanda hutaja anachotaka: nguo, uvumba, ngoma. Mume ambaye jana hakumsikiliza mkewe, leo anamsikiliza pepo. I. M. Lewis, katika kitabu chake cha mwaka 1971, aliona kuwa hii ni silaha ya wanyonge. Linda Giles, aliyefanya utafiti katika pwani ya Waswahili, alimpinga mwaka 1987 akionyesha kuwa mambo ya pepo yamo katikati ya utamaduni huo, na kwamba wahusika wake si wanyonge tu. Tunakubaliana na Giles kuhusu pwani, lakini hoja ya Lewis inabaki na uzito kwa msomaji wa fasihi. Neno kiti lenyewe linatuambia mengi. Kiti hukaliwa, hakisemi. Ili asikilizwe, mwanamke analazimika kukana kuwa maneno ni yake.

Hapa ndipo tunapoona hatari ya orodha ya mitihani. Wanyarwanda wana methali isemayo nta nkokokazi ibika isake ihari, yaani kuku jike hawiki palipo na jogoo. Tangu mwaka 2008 zaidi ya nusu ya wabunge katika Baraza la Wawakilishi la Rwanda ni wanawake. Kama darasani bado tunamfundisha msichana kuwa Nyiraryangombe ni "mama mlezi" na impenebere ni "kiumbe mbaya", basi tunaifundisha methali hiyo bila kuitamka.

Tunahitimisha kwa kupendekeza maswali matatu kwa walimu wenzetu. Mhusika wa kike aliteseka kwa kosa la nani? Alipata sauti akiwa hai, akiwa mzimu, au kwa kinywa cha mwingine? Na sauti hiyo ilimfaa nani? Mwanafunzi atakayejibu maswali hayo kwa ushahidi wa hadithi yenyewe atakuwa amehakiki. Wanafunzi nao tunawaomba waende kwa bibi zao Rubavu, Goma na kwingineko, wawasikilize wakiwa hai.