Upana wa Picha na Ukweli Wake

Katika shule zetu tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na ushairi. Mwanafunzi huulizwa juu ya fani na maudhui, naye hujibu. Lakini picha iliyopigwa kwa kamera hutundikwa ukutani au hutiwa kitabuni bila ya kuulizwa neno lo lote, kana kwamba imejipiga yenyewe. Kosa hilo si dogo. Picha huwafundisha watu namna ya kuiona nchi, tena huwafundisha kimya kimya. Kwa hiyo twakusudia kuchunguza hapa aina moja ya picha ambayo, kuliko nyingine zote, hudai kuonyesha kila kitu: picha pana, yaani ile ambayo upana wake ni mara mbili au mara tatu ya kimo chake au zaidi, na ambayo hupigwa katika filamu kubwa.

Twanze na fani. Kamera za kazi hii ni za namna mbalimbali, lakini mbili zatosha kwa mfano. Katika namna ya kwanza kamera husimama tuli; filamu hulazwa ndani yake kwa kupindwa mfano wa upinde, na lenzi huzunguka kutoka upande mmoja hadi wa pili, ikipitisha mwanga katika upenyo mwembamba. Katika namna ya pili, kama ile iitwayo Cirkut iliyopata hataza huko Marekani mwaka 1904, kamera nzima huzunguka juu ya miguu yake mitatu, huku filamu ikivutwa ndani kwa mwendo unaolingana na mzunguko huo.

Kwa kamera hiyo ya pili zilipigwa picha za vikosi vya askari na za shule nzima nzima. Mwanafunzi mtundu aliyesimama mwanzo wa safu aliweza, kamera ikisha kumpita, kukimbia nyuma ya wenzake na kusimama mwisho wa safu kabla haijafika. Picha iliposafishwa, alionekana mara mbili. Mzaha huo una funzo kubwa kwa mhakiki. Wakati wa picha pana si mmoja. Kila sehemu yake ina nukta yake. Aidha, barabara iliyonyoka inayopita mbele ya lenzi hutokea imepinda, na kamera isipokaa sawasawa, upeo wa macho nao hupinda. Basi picha inayodai kuonyesha yote imekwisha kutengeneza mambo kabla hatujaitazama.

Tukija kwenye maudhui, yafaa tulinganishe kazi za watu wawili.

Wa kwanza ni George R. Lawrence, mpiga picha wa Chicago. Tarehe 18 Aprili 1906 mji wa San Francisco ulipigwa na tetemeko la ardhi, kisha ukateketea kwa moto kwa muda wa siku tatu. Mnamo tarehe 28 Mei Lawrence aliipandisha juu ya ghuba ya mji huo kamera yenye uzito wa kilo 22 hivi, ikiwa imefungwa katika msururu wa tiara. Kamera ilifika kimo cha meta 600 hivi, na ilifyatuliwa kwa nguvu ya umeme iliyopita katika waya. Filamu yake ilikuwa na upana wa zaidi ya meta moja. Picha iliyopatikana ni ya ajabu kwa ufundi. Magati, barabara kuu, vilima na magofu yote yamo, hadi kwenye jua lililo karibu kuchwa.

Lakini tuulize: watu wako wapi? Zaidi ya watu 200,000 walikuwa wamepoteza makao yao, nasi hatuoni uso hata mmoja. Kutoka kimo kile msiba umegeuka ramani. Hatusemi kwamba Lawrence alidanganya. Ukubwa wa hasara haukuweza kuonyeshwa vema zaidi, na huo nao ni ukweli. Twasema kwamba alichagua mahali pa kusimama, na mahali hapo palimpa jambo moja na kumnyima jingine.

Wa pili ni Josef Sudek wa nchi ya Czechoslovakia. Alizaliwa mwaka 1896, akajifunza kazi ya kujalidi vitabu. Katika Vita Kuu ya Kwanza alijeruhiwa katika medani ya Italia, na mkono wake wa kulia ukakatwa. Hata hivyo alichagua kazi ya kamera kubwa, ambayo hata mwenye mikono miwili huiona kuwa nzito. Kwa picha pana alitumia kamera ya Kodak ya zamani, yenye lenzi ya kuzunguka, iliyotoa picha za upana wa sentimeta 30 na kimo cha sentimeta 10 hivi. Tangu mwaka 1940 alipendelea kuchapa picha bila kuzikuza, filamu ikigusana na karatasi, ili pasipotee hata jani moja.

Mwaka 1959 shirika la uchapaji la serikali ya nchi yake lilitoa kitabu chake cha picha pana 284 za mji wa Prague. Tofauti yake na Lawrence yaonekana mara moja. Sudek hakupanda angani. Alitembea. Alianzia katikati ya mji, penye madaraja na makanisa mashuhuri, akaendelea mpaka viungani, penye viwanda, bustani za mboga, njia za matope na nyumba zisizo na sifa. Vitu hivyo vyote amevipa upana ule ule alioupa mji mkuu wa wafalme. Hapo fani imekuwa maudhui: uwanja wa taka uliopewa sentimeta 30 sawa na jumba la kifalme umekwisha kutamkwa kuwa nao ni sehemu ya taifa.

Hata hivyo, kitabu hicho kina upungufu. Watu ni wachache mno humo, na mwanga wake laini mara nyingine huufanya hata umaskini upendeze. Mwalimu asiwafiche wanafunzi jambo hilo.

Sudek mwenyewe alikwenda mbali zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliichukua kamera ile ile hadi kaskazini mwa Bohemia, katika eneo la mji wa Most, ambako ardhi ilikuwa ikichimbuliwa kwa ajili ya makaa ya mawe. Mji huo wa kale baadaye ulibomolewa ili makaa yaliyokuwa chini yake yapatikane. Kanisa lake kuu lilinusurika kwa kusukumwa juu ya reli meta 841, mwaka 1975. Katika picha hizo uzuri wa Prague haupo tena. Pana miti iliyokufa, mashimo, moshi, na upeo wa macho uliojeruhiwa. Sudek alifariki mwaka 1976. Kitabu cha picha hizo za huzuni kilitoka mwaka 1999. Mji mkuu ulipata kitabu chake angali hai. Mashimo yalingoja miaka ishirini na mitatu baada ya kifo chake. Msomaji na aipime mwenyewe tofauti hiyo.

Mtu aweza kuuliza, mambo ya Prague na San Francisco yatuhusu nini? Yatuhusu kwa sababu swali ni lile lile. Picha nyingi za zamani za miji yetu ya pwani zilipigwa ili ziuzwe kama postikadi kwa wageni, na mara nyingi mji ulionyeshwa jinsi unavyoonekana kutoka baharini, yaani kwa jicho la mtu anayewasili. Safu ya majumba ya pwani ya Unguja twaijua sana. Ng'ambo, walikoishi wengi wa wafanyakazi, hatukuonyeshwa kwa wingi huo. Na siku hizi, ambapo simu ya mkononi huweza kuunganisha picha pana kwa muda mfupi, urahisi umeongezeka, lakini wajibu wa kuchagua pa kusimama haukupungua.

Basi mwalimu na awapeleke wanafunzi wake kwenye picha kama anavyowapeleka kwenye shairi. Wasimame mbele yake wakiwa na maswali matatu: mpiga picha alisimama wapi, nani aliachwa nje ya ukingo, na picha ilitoka lini kwa umma? Kisha watoke nje ya lango la shule, wachague mahali, wageuke polepole kutoka kushoto hadi kulia, na kuandika yote wanayoyaona, pamoja na jalala na mtaro. Baada ya zoezi hilo wataitazama picha ya ukutani kwa jicho jingine.