Mkono Upigao: "Adili na Nduguze" Mbele ya Maadili ya Wayunani

Katika vyuo vyetu vya theolojia Aristotle hufundishwa upesi upesi. Mwanafunzi hukariri kwamba mtu huyo alifariki mwaka 322 kabla ya Kristo, kwamba wema kwake hukaa kati ya kuzidi na kupungua, na kwamba Luther hakumpenda. Kisha mlango hufungwa. Tumekusudia hapa kuufungua tena, lakini kwa ufunguo wa nyumbani. "Adili na Nduguze" cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952, kinauliza swali lile lile linaloulizwa katika kitabu cha tatu cha "Maadili ya Nikomako": mtu aliyelazimishwa kutenda, je, tendo hilo ni lake? Sisi tulioko huku Uyole, penye njia panda ya Tukuyu na barabara kuu ya Zambia, twajua kwamba wachungaji huulizwa swali hilo mara nyingi, ingawa si kwa maneno hayo.

Hadithi yenyewe wasomaji wengi waliisoma shuleni. Adili ni mtawala wa Janibu chini ya Mfalme Rai. Hodari, mjumbe wa mfalme, anagundua kwamba kila usiku mtawala huyu mpole huwapiga manyani wawili. Adili anapoitwa ajieleze, inafunuliwa kwamba manyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliotaka kumwua kwa wivu. Jini Huria, ambaye Adili alimtendea wema zamani, ndiye aliyewageuza na kuamuru wapigwe kila usiku kwa mkono wa ndugu yao. Umbo la kisa hiki limetoka katika hadithi za Alfu Lela Ulela, ambamo wanaopigwa ni mbwa. Hilo halimpunguzii Shaaban Robert sifa. Wayunani nao walizitunga tamthilia zao kwa visa ambavyo kila mtazamaji alikwisha kuvijua.

Aristotle hutuomba tutulie kabla ya kuhukumu. Tendo la hiari, kwake, ni lile ambalo chanzo chake kimo ndani ya mtendaji, naye anajua analolitenda. Tendo lisilo la hiari hutokana na nguvu au na kutojua. Lakini kuna matendo yaliyochanganyika. Nahodha hutupa shehena baharini wakati wa dhoruba: hakuna anayetupa mali yake kwa kupenda, hata hivyo mkono uliotupa ni wake, na kwa saa ile alichagua. Mfano wake wa pili ni mzito zaidi. Mtawala dhalimu amewashika wazazi wako na watoto wako, naye anakuamuru utende la aibu. Ukitenda wataishi, ukikataa watakufa. Tendo la namna hii, asema, laelekea zaidi upande wa hiari, lakini mara nyingine hustahili msamaha badala ya lawama. Kisha anaongeza kwamba yako mambo ambayo ni afadhali mtu afe kuliko kuyatenda.

Tukimweka Adili katika mizani hiyo, tunaona kwamba yeye ni nahodha wa dhoruba. Amri ni ya Huria, mkono ni wake. Jambo linalomtenga na mkatili ni huzuni yake: hupiga akiumia. Aristotle alilijua hili pia. Alisema kwamba mtu aliyekosa kwa kutojua, asisikitike baadaye, hawezi kuhesabiwa sawa na yule anayesikitika, ijapokuwa tendo ni moja. Hapa ndipo Shaaban Robert anapofikia kilele chake, nasi twaona kwamba kurasa hizo zina uzito kuliko mawaidha mengi yaliyotawanyika katika kitabu hicho.

Udhaifu wake uko kwingine. Hasidi na Mwivu wamehukumiwa na majina yao. Hatuwaoni wakichagua, twawaona wakiwa wamekwisha kuwa hasidi na mwivu, kama vile Adili naye alivyo mwadilifu tangu ukurasa wa kwanza. Wayunani wangelalamika. Kwa Aristotle mtu huwa mwenye haki kwa kutenda ya haki, kama mjenzi awavyo mjenzi kwa kujenga. Mwovu aliyekwisha kuzoea uovu ni kama mtu aliyerusha jiwe: hawezi kulirudisha, lakini kulirusha kulikuwa katika uwezo wake. Shaaban Robert hatuonyeshi jiwe likiondoka mkononi. Mwalimu atakayekifundisha kitabu hiki awaulize wanafunzi ni siku gani ndugu hao wangaliweza kugeuka, na je, ukarimu wa Adili uliwasaidia au uliwachelewesha?

Kuhusu heri twahitaji kuangalia maneno yetu. Wayunani walikuwa na neno "eudaimonia", ambalo furaha hailitoshi, maana furaha yaweza kuisha kabla ya jioni. Neno hilo halimo katika Agano Jipya. Liliopo ni "makarios", nasi twasema heri, kama katika Mathayo 5. "Arete", yaani wema au ubora wa tabia, limo mara chache tu: katika Biblia ya Union limefasiriwa wema katika Wafilipi 4:8 na 2 Petro 1:5, na fadhili katika 1 Petro 2:9. Shaaban Robert alichagua adili, neno lenye asili ya Kiarabu linalobeba haki ndani yake. Uchaguzi huo ulikuwa mzuri. Lakini Adili mwenyewe, je, anayo heri? Ana cheo, mali, na sifa njema. Wastoiki wangesema adili latosha. Aristotle hakukubali: aliwaona wale wanaomwita mwenye heri mtu anayeteswa, mradi awe mwema, kuwa wasema upuuzi. Alitenga vitabu viwili kati ya kumi kwa ajili ya urafiki, maana bila wapendwa hakuna ambaye angechagua kuishi. Kwa kipimo hicho mtawala wa Janibu ni maskini kila jua linapotua.

Msomaji Mlutheri atauliza: na Luther? Luther alimjua Aristotle kwa karibu. Mwaka 1508 na 1509 alifundisha "Maadili" hayo hayo Wittenberg. Septemba 1517, kabla ya hoja zake 95, alikanusha kwamba tunafanywa wenye haki kwa kutenda ya haki: aliyekwisha kufanywa mwenye haki ndiye atendaye. Mwaka 1520 alitaka kitabu hicho kiondolewe vyuoni. Hata hivyo Melanchthon, rafiki yake, alikifafanua kwa ajili ya wanafunzi katika mji ule ule. Hatuoni kwamba mmoja alimsaliti mwenzake. Luther alisema juu ya mtu mbele za Mungu. Melanchthon alijua kwamba watu wanakaa pia mbele ya mahakimu, majirani, na wazee wa kanisa.

Baraza la wazee ndilo linalotuhusu. Mlevi aliyempiga mkewe husimama na kusema kwamba shetani alimpitia. Mjane aliyerithiwa na shemeji yake kwa kuogopa kunyang'anywa shamba na watoto husimama kimya. Mahali pengi wote wawili hutengwa kwa kipindi kile kile, na kurudi kundini siku moja. Aristotle angeshangaa. Huyo wa kwanza alikuwa na uwezo wa kutolewa. Anataja sheria zilizomwadhibu mlevi mara mbili, kwa kosa na kwa ulevi, kwa kuwa chanzo kilikuwa ndani yake. Huyo wa pili ana watoto mikononi mwa dhalimu. Kumwuliza tu kama alikubali ni kumwuliza nahodha kama alitupa shehena. Atajibu ndiyo, na jibu lake litaandikwa kitabuni kana kwamba ni ungamo.

Twapendekeza basi kwamba wanafunzi wasome kitabu cha tatu cha "Maadili" pamoja na "Adili na Nduguze" kabla ya kujifunza taratibu za kutenga na kurudisha. Waangalie pia ni nani aliyemfungua Adili. Hakujifungua mwenyewe kwa wema wake wote. Ilibidi mfalme ajue, asikilize kisa mpaka mwisho, na kujishughulisha na yule aliyetoa amri. Wazee wanaomwita mjane huyo barazani, mara ngapi wamemwita shemeji?