Muhogo Ulipaswa Kutangulia Mitambo: Kosa Lililoizima Bia ya Juba

Januari 2016, kampuni ya Southern Sudan Beverages ilipotangaza kwamba inafunga kiwanda chake cha Juba kwa kukosa dola za kuagizia malighafi, lawama ziligawanywa haraka: vita vikabeba fungu lake, benki kuu fungu lake, bei ya mafuta fungu lake. Yote matatu yanastahili. Lakini kosa lililokiangusha kiwanda kile lilikwisha kufanyika miaka saba kabla, pale SABMiller, wenye kampuni, walipokubali mitambo ifungwe kwanza na wakulima watafutwe baadaye. Hukumu ya uamuzi huo haina haja ya kungojewa hadi aya ya mwisho. Ulikuwa makosa, tena makosa ya watu waliokuwa na kila nafasi ya kujua.

Aliyekuwa Juba mwaka 2009 hahitaji kusimuliwa hali ilivyokuwa. Mkataba wa Amani wa Januari 2005 ulikuwa umeuleta mji mzima wa wageni kwenye mahema na makontena kando ya Nile, na usiku mmoja hemani ulilipiwa zaidi ya dola 100. Bia ilivuka mpaka wa Nimule kwenye malori ya Uganda. Wazee walikuwa bado wanakumbuka Septemba 1983, Rais Nimeiri alipotangaza sheria zake za Kiislamu na kuamuru pombe imwagwe mtoni Khartoum. Kwa hiyo Mei 2009, kilipofunguliwa kiwanda cha dola milioni 37, cha kwanza cha aina yake Kusini, watu walikiona kama uthibitisho kwamba amani imekuja kukaa. Kazi nyingine ilifanywa vizuri: jina la bia yake, White Bull, liliwaingia barabara watu wanaotoa mahari kwa ng'ombe, na kreti zilifika hadi baa za vichochoroni.

Sasa tuutazame uamuzi wenyewe kwa karibu.

Katika kila chupa ya White Bull, maji yalikuwa ya hapa. Karibu kila kitu kingine kilitoka nje. Mzigo ulioshushwa Mombasa ulipita Malaba, ukapita Kampala, ukavuka Nimule, safari ya zaidi ya kilomita 1,600, na hadi mwaka 2012 kipande cha mwisho, kilomita 192 za Nimule hadi Juba, hakikuwa na lami mwanzo hadi mwisho. Umeme wa kutegemewa haukuwapo, hivyo dizeli nayo ikaingia kwenye bei ya bia. Gharama zote hizo ziliishia kwenye dola. Upande wa pili, kila kreti iliyotoka getini ililipiwa pauni.

Mwenye hoteli angeweza kulikwepa pengo hilo, kwa sababu mgeni wake wa Umoja wa Mataifa au wa kampuni ya mafuta alilipia chumba kwa dola. Mwenye bia hakuweza. Mnywaji wake alikuwa askari, dereva, kibarua wa ujenzi na karani wa serikali, watu wa pauni tupu. Ili pauni zao zigeuke kuwa kimea, zilipaswa kwanza kupita kwenye dirisha moja tu, la Benki Kuu. Na dola za dirisha hilo zilitoka mahali pamoja tu: visima vya mafuta, vilivyokuwa vikileta takriban asilimia 98 ya mapato ya serikali.

Hapo ndipo uamuzi unapokuwa hauteteeki. Mtu anayeweka mamilioni ya dola kwenye mji usio na kiwanda kingine cha bia ana haki ya kubahatisha kuhusu wateja, barabara, hata usalama. Hana haki ya kubahatisha kuhusu mahali atakapopata malighafi ya kesho. SABMiller walilifahamu jambo hilo, kwani mwaka 2011 walitangaza mpango wao na shirika la FARM-Africa wa kununua muhogo kwa wakulima wadogo wapatao 2,000. Mpango ulikuwa mzuri. Ulikuja miaka miwili baada ya mitambo, wakati ulipaswa kuitangulia.

Muhogo una masharti yake, na kila mkulima wa Equatoria anayajua. Hukaa shambani miezi tisa hadi mwaka na nusu ndipo ung'olewe. Ukishang'olewa huanza kuharibika ndani ya siku mbili tatu, kwa hiyo kazi ya kuumenya, kuukuna na kuukamua lazima ifanyike jirani na shamba, kisha unga au keki yake ndiyo isafiri. Msumbiji, SABMiller hao hao walipotoa bia ya muhogo iitwayo Impala mwaka 2011, mtambo wa kusindika ulipakiwa kwenye lori ukafuata mashamba yaliko. Maana yake ni kwamba kiwanda kinachotaka kupika muhogo Mei 2009 kinaanza kugawa vipandikizi mwaka 2007, wakati wahandisi bado wanapima kiwanja.

Msumbiji ni mbali, atasema mtetezi. Basi twende Jinja. Nile Breweries, iliyokuwa ndani ya familia hiyo hiyo ya SABMiller, ilitoa Eagle Lager mwaka 2002 kwa mtama uitwao Epuripur, mbegu nyeupe iliyotokana na kituo cha utafiti cha Serere. Serikali ya Uganda ikapunguza ushuru wa bia hiyo kwa kuwa malighafi yake ililimwa nyumbani, bei ikashuka, na maelfu ya wakulima wakapata mnunuzi wa uhakika. Kenya nayo ikafuata njia yake mwaka 2004 kwa Senator Keg, ya bei nafuu na ushuru mdogo. Miaka saba kabla ya uzinduzi wa Juba, jibu lilikuwa limekwisha kuandikwa na kampuni yenyewe, kwenye nchi jirani, kwa nafaka ambayo wanawake wa Sudan Kusini wameipika kuwa marisa, pombe ya kienyeji, tangu enzi za mababu.

Utetezi wenye uzito ni mmoja: mwaka 2007 watu walikuwa wanarudi kutoka kambi za wakimbizi, chakula hakitoshi, na kunyang'anya mtama wa ugali ili upikwe bia kungekuwa aibu. Hoja hiyo inastahili jibu la heshima. Jibu lake ni kwamba mkulima hulima zaidi anapojua atakayenunua ziada, na familia iliyorudi Yei au Magwi bila mbegu, bila jembe na bila soko ndiyo iliyohitaji mkataba kuliko mtu mwingine yeyote. Uchache wa chakula ulikuwa sababu ya kuanza mapema na taratibu. Haukuwa sababu ya kuleta kimea kwa meli.

Tena onyo lilitolewa wazi. Januari 2012 Juba ilizima visima vyake vyote kwa ugomvi na Khartoum juu ya ada ya bomba, mapipa kama 350,000 kwa siku yakakoma, na mafuta hayakuanza kutiririka tena hadi Aprili 2013. Miezi kumi na tano! Kila mwenye duka pale soko la Konyokonyo alijifunza mwaka ule kwamba dola ya dirishani ni ahadi tu. Desemba 2013 vita vikaanza, mwaka 2014 bei ya mafuta duniani ikaporomoka, na kiwango rasmi kikaendelea kushikiliwa chini kidogo ya pauni 3 kwa dola huku mitaani kikipanda kila wiki.

Desemba 15, 2015, serikali ikaiachia pauni, ikaanguka hadi 18.5 kwa dola. Hesabu yake ni rahisi na ya kutisha. Pauni milioni moja za mauzo, ambazo kwenye karatasi zilikuwa na thamani ya zaidi ya dola 330,000, ziliamka zikiwa takriban dola 54,000. Bia haiwezi kupandishwa bei mara sita kwa usiku mmoja, maana mnywaji mshahara wake haukupanda hata mara moja. Mwezi uliofuata kiwanda kikatangaza kufunga. Kufikia Oktoba 2016 mfumuko wa bei ulikuwa umevuka asilimia 800, na baa za Juba zilikuwa zimerudia bia ya malori.

Muhogo usingeiokoa kila chupa. Hopsi, vizibo na sehemu ya kimea bado vingenunuliwa kwa dola. Lakini kampuni inayohitaji dola kwa theluthi ya gharama zake inaweza kupunguza kasi, ikasubiri, ikapona. Inayozihitaji kwa karibu kila kitu haina la kupunguza.

Kuna aliyewahi kulielewa jambo hili katika eneo hili hili, na safu hii haitachoka kumtaja. Allidina Visram alizaliwa Kutch mwaka 1851, akafika pwani ya Afrika Mashariki akiwa mvulana, akajifunza kazi Bagamoyo chini ya Sewa Haji Paroo. Maduka yake yalifuata njia za misafara, yakafuata reli hadi Uganda, kisha yakashuka na Nile hadi Nimule na Gondokoro, ng'ambo ya mto na Juba ya leo. Hakuwa na benki kuu ya kumpa fedha za kigeni. Duka lake liliuza kitambaa na chumvi, na papo hapo likanunua ngozi, pembe, ufuta, karanga na baadaye pamba. Msafara uliokuja na bidhaa ulirudi na mazao, na mazao ndiyo yaliyolipia bidhaa za safari iliyofuata. Hati zilizokuwa na sahihi yake zilipokewa kama fedha mahali ambapo sarafu ilikuwa adimu, kwa sababu kila mtu alijua nyuma ya hati kuna ghala lenye mali ya nchi. Alifariki mwaka 1916 akiwa na maduka na vinu vya kuchambulia pamba. Wawekezaji wa karne hii wana ndege, simu na washauri wa kulipwa, na bado hawajamfikia.

Hawakumfikia hata jirani zetu waliosifiwa mno. Uchumi, mtandao wa maduka makubwa wa Kenya uliowahi kuwekwa chini ya mfilisi mwaka 2006 na kunusurika, ulitanuka tena kwa pupa hadi ukafunga matawi yake yote ya Uganda na Tanzania Oktoba 2015. Nakumatt, mshindani wake, nayo ilijaza rafu kwa mali ya wasambazaji ambao haikuwalipa, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ya kuivunja. Makosa yao yana sura tofauti lakini yana mzizi mmoja na wa White Bull: anayekuletea mali kufikiriwa mwisho. Visram alimweka mbele, akamlipa papo hapo.

Serikali nayo haiponi. Septemba 2014 Wizara ya Kazi ilitoa waraka uliotaka mashirika, benki, kampuni za simu, hoteli na nyumba za wageni ziwaondoe wafanyakazi wa kigeni kufikia katikati ya Oktoba, hadi wapokea wageni. Waraka ulirudishwa nyuma ndani ya siku chache kwa aibu. Nia ya kuwapa vijana wa nchi kazi ilikuwa halali kabisa, ila ilielekezwa mahali padogo. Kiti kimoja cha mapokezi kinampa kazi kijana mmoja kwa zamu. Jiko la hoteli hiyo hiyo, likilazimika kununua Rajaf, jirani na Juba, badala ya Uganda, linalisha kijiji.

Na hapo ndipo kosa la 2009 linaendelea kufanyika kila asubuhi. Juba imepata hoteli za ghorofa, mabwawa ya kuogelea na vyumba vya mikutano, lakini nyanya, mayai na kuku wa kifungua kinywa bado vinavuka Nimule, vikilipiwa dola, huku samaki wa Terekeka na Bor wakioza kwa kukosa barafu na gari. Anayejenga hoteli ya vyumba mia leo anaagiza vitanda kwanza, kisha jenereta, kisha anatafuta mpishi. Angeanza na mikataba mitatu: mboga kwa vikundi vya Rajaf, samaki kwa wavuvi wa Terekeka pamoja na mtambo wa barafu watakaolipia kidogo kidogo, na mayai kwa mfugaji mmoja wa Juba atakayekopeshwa vifaranga na chakula. Ujenzi wa ghorofa huchukua miaka miwili. Muda huo unatosha kuku kutaga na wakulima kufeli msimu mmoja na kujirekebisha, kabla mgeni wa kwanza hajafika.

Sheria ya Kukuza Uwekezaji ipo tangu mwaka 2009, na inatoa misamaha ya kodi kwa wawekezaji. Misamaha hiyo ifungwe kwenye sehemu ya manunuzi inayofanywa ndani ya nchi, ipande kadiri sehemu hiyo inavyopanda, kwa moyo ule ule wa Kampala ilipopunguza ushuru wa Eagle. Mwombaji wa leseni ya hoteli, duka kubwa au kiwanda cha vinywaji aje na mikataba yake ya wakulima mkononi, yenye sahihi na tarehe iliyotangulia ile ya kuagiza mitambo.