Miti Inayobeba Ghorofa

Mwaka 2017 Wanairobi waliahidiwa mnara wa mita 300 pale Upper Hill, The Pinnacle, wenye hoteli ya Hilton na makazi ya kifahari. Ikaja kesi ya ardhi, ujenzi ukasimama. Anayetaka kuona jinsi mgeni wa usiku mmoja na mpangaji wa miaka wanavyowekwa chini ya paa moja, na apande matatu ya Meru inayopitia Embu na Chuka, ashuke Makutano, mjini Meru. Njiani ataona majengo ya ghorofa tano, sita: maduka chini, vyumba vya wageni juu yake, kisha nyumba za kupanga. Magazeti hayayaandiki. Mimi nayasifu, hasa kwa kazi ambayo haionekani tena jengo likishaisha: kuishikilia slabu kabla haijaweza kujishikilia.

Slabu ya unene wa milimita 150, ikiwa bado mbichi, ina uzito wa takriban kilo 360 kwa kila mita mraba, na hapo hujahesabu vibarua wanaotembea juu yake na makarai. Mzigo huo wote hubebwa na nguzo za mikaratusi, mti uleule ambao viwanda vya majani chai huuchoma kama kuni. Seremala wa fomuweki, ule ukungu wa mbao unaopokea zege, huzipitia moja moja. Iliyopinda anaitupa kando. Iliyonyooka haisimamishi juu ya udongo mtupu, maana udongo mwekundu wa huku ukinyeshewa hudidimia. Huiwekea ubao chini, kisha kabari mbili zinazotazamana, anazigonga taratibu huku jicho liko kwenye uzi. Mbao za mshazari hufuata, nguzo zisiyumbe. Penye boriti ndefu huinua katikati milimita chache, kwa kuwa anajua zege litaishusha. Anasahihisha mbonyeo ambao bado haujatokea, na sijui sifa gani kubwa kuliko hiyo.

Kisha huja fundi wa chuma na waya wake. Chini ya nondo hupanga biskuti, vile vipande vidogo vya zege vinavyoziinua kutoka kwenye mbao, ili baadaye zisikae nje zikala kutu.

Fundi bomba naye lazima afike kabla ya zege. Hotelini kila chumba kina bafu lake. Nyumba za juu zina jiko na choo mahali pengine kabisa. Na chini kuna mwenye duka la nguo asiyetaka tone lolote darini. Basi mabomba hupangwa yashuke kwenye njia moja, na matundu yake huachwa ndani ya fomuweki. Akisahau tundu moja, itabidi patasi iingie kwenye slabu iliyokwisha kukauka, na hakuna fundi wa chuma atakayemsamehe.

Siku ya kumwaga slabu huanza alfajiri. Mashine ikiharibika au mvua ikikatiza, kiungo cha zege huachwa pale mhandisi alipoonyesha. Si pale watu walipochokea.

Baada ya hapo ni kungoja, na hapa ndipo fundi hodari hutengana na mwenye haraka. Magunia hutandazwa na kumwagiwa maji kwa wiki nzima. Vipande vya majaribio huvunjwa maabara siku ya 7, vingine siku ya 28. Nguzo hubaki wiki mbili, hata tatu, na baridi ya Julai kwenye miteremko ya Mlima Kenya hulichelewesha zege kukaza.

Mwenye jengo, ukipita ukakuta msitu wa mikaratusi umesimama palepale na mafundi hawaonekani, usipige simu kuuliza kodi itaanza lini. Nunua maji ya kumwagilia, lipa vibarua, uiache miti imalize siku zake.