Watunza karatasi wa Kilimani

Ramani kuukuu huanza kuchanika pale ilipokunjwa. Wanaotunza Nyaraka za Taifa huko Kilimani, Unguja, hawahitaji kuambiwa hilo. Hewa ya pwani ina unyevu na chumvi; ukungu huota, na mchwa hawana likizo. Fundi wa nyaraka hupangusa vumbi kwa brashi laini, ukurasa baada ya ukurasa, akaziba mpasuko kwa karatasi nyembamba na gundi ya wanga, kisha akailaza ramani bapa. Kazi ya kuumiza mgongo. Msomaji huruhusiwa penseli tu, na wapo wanaonuna! Ila anayetafuta mitaa ya Ng'ambo, mjini Unguja, ilivyokuwa kabla ya maghorofa ya Michenzani, au barua za Kiarabu za enzi za masultani, huagiza hati kwa namba ambayo mtu alishaiandika zamani kwenye orodha.